Kushoto Kumi na Nne, Kulia Sitini na Mbili

Kwa karibu mwaka mzima wa maisha yangu, nikiwa mtu mzima mwenye mke na baiskeli, niliamini kwamba kabati la chuma la serikali likibadilishwa namba mara mbili linalipuka. Aliyenieleza ni tarishi wa ofisi yetu pale Singida mjini, mzee aliyekuwa akibeba barua kwa miguu tangu enzi za Mwingereza, na ambaye hakuwahi kusema uongo isipokuwa alipofungua mdomo.

"Karani mmoja wa Tabora alijaribu," aliniambia. "Mara ya kwanza chuma kinavumilia. Mara ya pili kinakataa. Wakakuta viatu vyake tu, na kamba bado zimefungwa."

"Viatu vitupu?"

"Vitupu. Mlango wa kabati uliokotwa Urambo."

Nikaamini. Nani ningekuwa mimi hata nisiamini? Nilikuwa nimetoka jana tu kwenye masomo ya jioni, miaka miwili ya kukaa kwenye dawati la mtoto magoti yakigusa kidevu, mchana nachoma matofali, jioni najifunza ukarani. Nilihitimu wa kwanza katika darasa la watu kumi na mmoja, ingawa nyumbani nilisema tulikuwa mia. Mama yangu alipika kuku wawili. Nikapata kazi ya masjala, kwa majaribio kwanza. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana wengine bado wapo na wana masikio.

Kabati lile lilisimama nyuma ya meza yangu, kubwa kama nyumba ya Mnyaturu aliyeoa wake watatu. Halikuwa na tundu la ufunguo. Mlangoni lilikuwa na gurudumu dogo lenye namba. Unazungusha kushoto, kisha kulia, kisha tena kushoto, na ukipatia zote tatu linafunguka. Humo ndimo ilimokuwa inatunzwa mitihani ya darasa la saba kila mwaka, tangu ifike mpaka siku ya kusambazwa shuleni.

Pembeni ya kabati, juu ya meza yangu, kulikuwa na kitu ambacho mimi nilikiona kikubwa kuliko kabati. Kiliitwa Daftari la Mabadiliko. Utaratibu wake ulikuwa hivi: chochote kilichobadilika ofisini kinaandikwa kwa wino, kilikuwa nini, kimekuwa nini, na kwa sababu gani. Hakuna kufuta. Hakuna kuchana, maana kurasa zilikuwa na namba. Chini ya kila ukurasa niliweka karatasi mbili za kaboni, zikatoka nakala mbili. Kila Ijumaa nilizitia kwenye mfuko wa barua na kuupeleka stendi, nakala moja ishuke ofisi yetu ndogo ya Mtinko, nyingine iendelee hadi Nduguti. Ofisi ya mjini ikiungua, kumbukumbu zitabaki huko.

Mimi nililipenda daftari lile kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Karani aliyenitangulia aliandika mistari mitatu kwa wiki. Mimi niliandika mpaka kaboni zikalia. "Kiti cha mgeni kilikuwa upande wa dirisha, kimekuwa upande wa mlango, kwa sababu ya jua." "Chungu cha maji ya kunywa kilikuwa kizima, kimekuwa na ufa, kwa sababu ya tarishi." Mkuu wa ofisi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma, akatikisa kichwa, akasaini. Nilidhani anatikisa kwa kupendezwa.

Sasa, karani yule aliyenitangulia alikuwa amehamishiwa Manyoni na namba za kabati anazijua. Mkuu akaagiza fundi kutoka Dodoma aje azibadilishe. Fundi alipofungua boksi lake la vifaa, mimi nilikumbuka nina haja nje. Nilisimama nyuma ya ukuta wa choo, mikono masikioni. Kweli hii ilikuwa mara ya kwanza, lakini nani alijua wakoloni walikuwa wamezibadilisha mara ngapi? Nusu saa nzima nilinusa choo kwa ajili ya taifa.

Halikulipuka. Mkuu akaniita ndani, akafunga mlango, akaninong'oneza: "Kushoto kumi na nne, kulia sitini na mbili, kushoto tisa. Weka kichwani."

"Nimeweka, mzee."

Nikaweka kichwani. Kisha nikakaa mezani, nikaona kitu kimebadilika ofisini. Nikafungua daftari. "Kabati la chuma. Namba zilikuwa hivi, zimekuwa kushoto 14, kulia 62, kushoto 9, kwa sababu ya uhamisho." Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri mno. Mkuu aliondoka safarini siku ile ile, hakusoma. Ijumaa nakala zikapanda basi.

Aliporudi, Alhamisi iliyofuata, aliniita tena.

"Ndugu, mitihani itafika baada ya siku kumi na moja. Majaribio yako yanaisha mwezi huu, na nataka kukuthibitisha kazini. Sasa sikiliza. Namba za kabati tunazijua wawili, mimi na wewe. Zikijulikana kwa mtu wa tatu kabla ya mtihani, watoto wa mkoa mzima watarudia, na wewe utarudi kwenye matofali. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

Nilitoka mle ofisini, nikaenda mezani kwangu. Nikafungua daftari. Namba zilikuwepo, nadhifu, zikinitazama.

Kubadilisha namba tena? Viatu vya Tabora vikanijia machoni, na kamba zake. Nikaona njia ni moja, niziondoe zilikoandikwa. Nikachukua kalamu, nikazipaka wino juu yake, nikapaka tena, mpaka karatasi ikawa kama kitako cha sufuria. Nikashusha pumzi, nakala zilizokwishapanda basi nimezisahau kabisa. Halafu nikaona kitu kingine kimebadilika ofisini: maandishi ya daftari. Na mimi mhitimu wa masomo ya jioni, mkono ukaenda wenyewe kwenye mstari mpya. "Ukurasa wa arobaini na moja. Maneno yalikuwa 'kushoto 14, kulia 62, kushoto 9'. Yamekuwa yamefutwa. Sababu: ni siri."

Naapa kwa maziwa ya mama yangu, sikuona nilichofanya. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliufunga mfuko mwenyewe kwa mkono huu, nikaukabidhi kwa utingo, nikampungia mkono. Basi lilipokuwa linapotelea kwenye vumbi la barabara ya kaskazini ndipo mstari ule ulipokuja kichwani mwangu, neno kwa neno, na nyuma yake nakala za Ijumaa iliyopita. Nilikimbia nyuma ya basi lile hadi karibu nifike Ilongero. Mke wangu anasema niliishia sokoni.

Jumatatu nilimwomba mkuu ruhusa nikamuuguze mama, ambaye siku hiyo alikuwa analima uwele na jembe lake halikuwa na homa yoyote. Nikapanda baiskeli.

Kutoka mjini hadi Mtinko si mbali kwa mtu mwenye moyo mwepesi. Mimi nilikuwa na moyo wa mawe, na upepo wa Singida, kama unaujua, huwa unamngoja mtu mwenye baiskeli. Nilishuka, nikasukuma, nikapanda, nikashuka. Nilifika nikiwa na vumbi kiasi kwamba mbwa wa ofisi alinibwekea na kisha akanionea huruma. Karani wa Mtinko, mtu mzito, mpole, aliyesoma masomo ya jioni kwa mwalimu yule yule wangu, alinikaribisha kwa furaha.

"Ndugu Karani! Mwandishi mwenyewe! Tunakusoma hapa kama gazeti."

"Ndugu yangu, kuna kosa kwenye nakala mbili za mwisho. Nipe nizirudishe."

"Kosa lipi?"

"Dogo tu."

"Chukua." Akanipa. Moyo ukapoa. Kisha akasema, "Sisi tulishanakili kwenye daftari letu. Neno kwa neno. Hata koma zako."

Akalifungua. Kweli, koma zangu zilikuwepo.

Pale mezani palikuwa na chai, birika zima. Sijivunii nilichofanya. Niligonga kikombe kwa kiwiko kama mtu asiye na adabu, na chai ikamwagika katikati ya ukurasa. "Samahani, ndugu yangu, samahani!" Nikawa nausugua ukurasa kwa kisingizio cha kuukausha.

"Acha, acha," alisema, akinishika mkono bila hasira. "Usihangaike. Utaratibu upo. Ukurasa ulioharibika unanakiliwa upya mara mbili, moja ya kwetu, moja ya mjini." Akachukua kalamu. Nilikaa pale nikimtazama anaandika kushoto kumi na nne mara ya kwanza, kisha kushoto kumi na nne mara ya pili, polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Uchovu ulionishika pale haukuwa wa miguu.

Nilianza kuelewa, kwa namna ya mtu anayeelewa huku anakataa, kwamba kila nikigusa kitu kile kinazaa. Lakini nilikuwa nimeshafika nusu ya njia. Jumanne nilipanda lori lililorudisha matenga matupu ya kuku Nduguti. Baiskeli niliiacha Mtinko. Nilikaa juu ya matenga, nikala manyoya hadi alasiri.

Ofisi yetu ndogo ya Nduguti ilikuwa chumba kimoja, na siku hiyo haikuwa na karani. Alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa kuhamia vijijini, kule bondeni. Mlango ulikuwa wazi, na chumba kimejaa watu wazima waliokaa chini, akina mama wengi wenye vitoto mgongoni, na wazee wachache wameshika kofia. Mbele alisimama mwalimu, msichana mwembamba mwenye fimbo ndefu. Lilikuwa darasa la kusoma na kuandika. Nilisimama mlangoni, nikavua kofia, nikasikia watu arobaini wakisoma kwa sauti moja.

"Ka-ba-ti la chu-ma."

"Tena!"

"Kabati la chuma!"

"Endelea!"

"Na-mba zi-me-ku-wa ku-sho-to ku-mi na nne."

Nilishika mwimo wa mlango.

Ukutani, zimebandikwa kwa ugali, palikuwa na nakala zangu zote za miezi minane. Kiti cha mgeni kilikuwepo. Chungu cha maji kilikuwepo. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba vitabu vya kisomo havijafika tangu masika, na karani alimwambia achukue karatasi za mjini, maana zimeandikwa kwa hati kubwa, inayosomeka, na habari zake ni fupi.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele, asiye na meno kabisa, aliinua mkono.

"Mwalimu, hii ni ngoma ya wapi?"

"Ngoma gani, bibi?"

"Hii ya kushoto kumi na nne, kulia sitini na mbili. Sisi ya kwetu unakwenda kushoto mara tatu, unarudi. Sitini na mbili watacheza vijana."

"Labda ni ya Wanyaturu," alisema mzee wa nyuma. "Wale hawachoki."

Darasa zima likacheka. Kisha wakateta kidogo kwa Kinyiramba, wakacheka zaidi. Mwalimu aliniona, akaniuliza kama nina shida.

"Shikamooni," niliwaambia wazee wote kwa pamoja. "Mimi natoka mjini. Nimekuja… nimekuja kutembelea darasa."

"Karibu, mwanangu," alisema bibi. "Kaa usome na wewe."

Nikakaa. Ningefanya nini? Ningebandua ukutani kitabu pekee walichokuwa nacho watu arobaini, mbele ya bibi aliyeanza kujua herufi kwa chungu changu cha maji? Mwalimu akanyoosha fimbo, nami nikasoma pamoja nao, kulia sitini na mbili, kushoto tisa, kwa sauti iliyochoka kuliko zote mle ndani. Walipofika mwisho, bibi akageuka.

"Unasoma vizuri," aliniambia. "Hata hukutazama ukutani."

Nililala Nduguti kwa ndugu wa karani, nikangoja lori Jumatano nzima, nikarudi Alhamisi na magunia ya vitunguu. Macho yalinitoka machozi, na safari hiyo vitunguu vilisingiziwa. Ijumaa nilikaa mezani bila kuandika neno lolote kwenye daftari. Tarishi alipita, akauliza kama nimefiwa.

Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Mitihani ilikuwa inafika Jumatatu. Nilikuwa nimeshaamua. Niliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, nikaipeleka kwa mpiga chapa wetu, mama mmoja wa Ikungi aliyekuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Nilimwita dada, ingawa alinizidi miaka kumi.

"Dada, nipigie hii. Nakala mbili."

Aliisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena.

"Unaacha kazi kwa sababu namba za kabati zimejulikana."

"Ndiyo, dada."

"Na hapa chini umeziandika namba zenyewe."

"Ili mkuu aelewe ni zipi."

Alinitazama kwa muda mrefu sana. Nimewahi kutazamwa na chatu, hakunitazama hivyo. Akaikunja barua yangu mara nne, akaitia kwenye jiko la mkaa alilokuwa anachemshia chai, akangoja mpaka ikawa jivu.

"Sasa nieleze yote. Polepole, na usiongeze chumvi."

Nikamweleza, chumvi ikiwa kidogo tu. Daftari, nakala, wino, chai, matenga, bibi wa Nduguti. Alicheka mpaka akavua kilemba akajifutia macho. Mimi sikucheka. Miguu ilikuwa imevimba, na kichwani nilishaanza kuona tanuru la matofali.

"Na katika safari zote hizo," alisema alipopata pumzi, "hukufikiria kubadilisha namba?"

"Dada, unataka nife? Hii itakuwa mara ya pili. Karani wa Tabora…"

"Karani wa Tabora amefanya nini?"

Nikamweleza viatu. Nikamweleza Urambo. Hakucheka safari hii. Alivuta mtoto wa meza yake, akatoa kijiti cha chuma, chembamba, kimepinda mwishoni, akakiweka mbele yangu.

"Fundi aliniachia mimi," alisema. "Alitafuta karani wa masjala amfundishe, akaambiwa yuko chooni. Ikabidi nifundishwe mimi. Alibadilisha mara nne siku ile ile, kunionyesha. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na viatu vyangu hivi hapa."

Akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa sindano, akanipeleka kwa mkuu. Nilisema yote mwenyewe, nimesimama, kofia mkononi. Mkuu alivua miwani, akaiweka mezani.

"Watu wangapi, Ndugu?"

"Mtinko yule karani mmoja, mzee. Nduguti ni darasa. Arobaini. Na watoto mgongoni."

"Na mitihani haijafika."

"Haijafika, mzee. Kabati ni tupu."

Akainuka. Alifungua kabati kwa namba ambazo bibi wa Nduguti angeweza kumsaidia, akaingiza kijiti nyuma ya mlango kama mpiga chapa alivyomwonyesha, akatuambia tugeuke ukutani wakati anachagua namba mpya. Mimi niligeuka nikafumba na macho. Nikasikia gurudumu likizunguka. Tk, tk, tk. Nikawaza kamba za viatu vyangu. Kisha nikasikia mlango ukifungwa, na mkuu akipiga chafya kwa sababu ya vumbi.

Akaja sikioni kwangu, akaninong'oneza namba tatu. "Jumatatu uje saa moja kamili upokee mitihani," alisema. "Kuhusu kukuthibitisha, tutaona wakishafanya mtihani." Akarudi mezani, akavaa miwani, akaendelea na barua zake.

Tulirudi masjala. Jasho lilikuwa limenilowesha hadi kwenye soksi. Nikakaa, nikaliona daftari, nikaona kuna kitu kimebadilika ofisini, na mkono ukaifuata kalamu. Mpiga chapa akaiwahi yeye.

"Nisikilize, mdogo wangu," alisema. "Kabati halilipuki. Namba ikishasomwa na watu huwezi kuifuta, hata ungezunguka mkoa mzima. Unaibadilisha, basi. Na humu unaandika kwamba namba imebadilishwa, tarehe, na saini yako. Huandiki imekuwa ngapi."